Jabali, Mganga na Mchezaji: Santuri za Bendi ya Mwandishi

Karibu kila aliyewahi kwenda harusini Dar es Salaam au Mombasa ameshaicheza "Billie Jean". Mapigo ya dramu yanayoufungua wimbo ule, kabla besi haijaingia, ni ya Leon Chancler, kijana aliyekulia Los Angeles ambaye majalada ya santuri yanamtaja kwa jina la Ndugu. Jina hilo alikuwa nalo miaka mingi kabla ya kufanya kazi na Michael Jackson. Tarehe 31 Desemba 1970, akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa ndani ya studio ya Wally Heider mjini San Francisco, akiisaidia bendi ya Herbie Hancock kurekodi albamu iliyotoka mwaka uliofuata. Albamu hiyo inaitwa Mwandishi.

Soma orodha ya wanamuziki wake. Mwandishi ni Hancock mwenyewe, kwenye piano ya umeme. Mchezaji ni Buster Williams, mpiga besi. Jabali ni Billy Hart, mpiga dramu. Mganga ni Eddie Henderson, mpiga tarumbeta, na jina lilimkaa vizuri kwa kuwa alikuwa daktari kamili aliyebobea katika magonjwa ya akili. Pepo Mtoto ni Julian Priester wa tromboni. Mwile ni Bennie Maupin, anayepuliza saksafoni, filimbi na klarineti ya besi. Wote sita ni Wamarekani weusi, na hakuna hata mmoja aliyelelewa katika nyumba ya Waswahili.

Kwa wapenzi wa roki ya progresivu na jazi ya fyusheni, hasa wale wasiolala mpaka mkusanyo wao ukamilike, bendi hii ni mtihani. Kwa hesabu ya kawaida ina albamu tatu tu: Mwandishi (1971) na Crossings (1972) za kampuni ya Warner Bros., na Sextant (1973) ya Columbia. Anayezitia mkononi hizo tatu huona kazi imekwisha. Mimi nasema hajafika hata nusu ya njia. Bendi ilipovunjika, wanamuziki wake waliendelea kukutana studio, leo kwa jina la huyu, kesho kwa jina la yule, katika kampuni tofauti. Mwenye kuitaka bendi yote hana budi kuwafuata watu.

Majina yale yalitoka kwa kijana mwingine, James Mtume, mwana wa mpiga saksafoni Jimmy Heath wa Philadelphia. Mtume alikuwa mwanachama wa US, jumuiya ya Maulana Karenga huko California, yule yule aliyeanzisha sherehe za Kwanzaa mwaka 1966. Karenga alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni, akakipendelea kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja. Mtu mweusi wa Marekani ambaye hakujua babu zake walitolewa pwani ipi ya Afrika angeweza kukishika bila kumpokonya mtu. Mtume akawagawia wanamuziki majina. Miaka hiyo jambo hili lilikuwa zito: aliyejiita Jabali kwenye jalada la santuri alikuwa anatangaza upande wake wa siasa mbele ya kila mnunuzi.

Na jazi ilikuwa imeshabisha hodi kabla ya hapo. Mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, mpiga piano Randy Weston alirekodi New York santuri ya Uhuru Afrika, akitumia maneno ya mshairi Langston Hughes. Aliyeyasoma maneno hayo kwa Kiswahili ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Utawala wa Afrika Kusini uliipiga marufuku. Kwangu mimi santuri ile ni mlango wa mkusanyo huu, ingawa hakuna hata mmoja kati ya wale sita anayepiga humo.

Hancock aliondoka kwenye bendi ya Miles Davis mwaka 1968, akaunda kundi la watu sita lililobadilika badilika mpaka 1970, lilipotulia na wanamuziki niliowataja. Novemba mwaka huo walipiga katika ukumbi wa London House mjini Chicago, mahali ambapo wateja walifuata nyama na mvinyo, muziki ukiwa kitoweo cha pembeni. Usiku baada ya usiku, mbele ya watu wanaokula, bendi ilijifunza kuacha wimbo ujifungue wenyewe bila mtu kuushika usukani. Hancock amesimulia kwamba hapo ndipo walipogundua wana kitu. Mwezi uliofuata wakaingia studio.

Weka sindano kwenye upande wa kwanza wa Mwandishi. Kipande cha kufungua ni "Ostinato (Suite for Angela)", kilichotungwa kwa heshima ya Angela Davis, ambaye wakati huo alikuwa mahabusu akisubiri kesi. Kuna mstari mmoja wa besi unaojirudia tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiuhesabu utapata mapigo nane, halafu saba, yaani 15, na mguu unaotaka kuufuata unajikuta kila mara umebaki nyuma kwa pigo moja. Jabali na Ndugu wanapiga pamoja, kila mmoja na dramu zake. José "Chepito" Areas wa bendi ya Santana anaongeza konga na timbale. Mpiga gitaa ni Ronnie Montrose, kijana wa roki ambaye baadaye aliunda bendi yenye jina lake. Mpiga gitaa wa roki na madaktari wa jazi wapo chumba kimoja, juu ya mdundo ambao hauchezeki kirahisi. Hiyo ndiyo fyusheni kabla haijawa biashara.

Crossings inasogea karibu zaidi na walichokuwa wakifanya Waingereza. Upande wote wa kwanza umechukuliwa na kipande kimoja, "Sleeping Giant", cha karibu dakika 25. Mwaka huo huo bendi ya Yes ilitoa Close to the Edge, ambayo nayo upande wake wa kwanza ni kipande kimoja. Miaka miwili kabla, Soft Machine ya Canterbury ilikuwa imetoa Third, santuri mbili zenye vipande vinne, kila upande kipande chake. Wote walikuwa wanapambana na mpaka mmoja. Upande wa santuri ya inchi 12 unabeba dakika 20 hivi kwa raha. Ukizidisha, mifereji inabanana, sauti inapungua nguvu na besi inakonda. Kwa hiyo mwenye nakala ya Crossings iliyochakaa asishangae kusikia mikwaruzo pale Hancock anapopiga peke yake kwa upole. Muziki umefinyangwa humo mpaka mwisho wa nafasi.

Kiungo kingine na roki ya progresivu ni Melotroni. Ni kinanda kilichotengenezwa Uingereza, ambacho kila kibonye chake kinavuta utepe uliorekodiwa sauti ya vinanda vya nyuzi, filimbi au kwaya, kwa sekunde nane hivi, kisha utepe unarudi mwanzo. King Crimson walikijengea jina mwaka 1969 katika albamu yao ya kwanza. Hancock anakipiga kwenye Crossings na kwenye Sextant pia. Halafu kuna sintesaiza ya Patrick Gleeson, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza aliyeacha kufundisha chuoni akafungua studio ya Different Fur mjini San Francisco. Mtayarishaji David Rubinson alimpelekea kanda za Crossings aongeze sauti kidogo. Hancock alitaka amtayarishie tu mashine, yeye mwenyewe ndiye apige. Alipomsikia Gleeson akijaribu, akamwambia aendelee, na hatimaye akamwingiza kwenye bendi kuwa mtu wa saba.

Warner Bros. hawakujua wauze vipi muziki huu. Columbia wakaichukua bendi, wakatoa Sextant, nayo haikuuza. Hapa ndipo hesabu ilipokataa. Wanamuziki saba, vyombo vya umeme na wasafirishaji wake, hoteli na nauli, vyote vilitegemea kwa sehemu kubwa mrabaha wa "Watermelon Man", wimbo alioutunga Hancock mwaka 1962 na uliovuma mwaka uliofuata mikononi mwa Mongo Santamaría. Mwaka 1973 Hancock aliivunja bendi. Akabaki na Maupin peke yake, akaunda kundi jipya la mdundo wa mtaani, akatoa Head Hunters mwaka huo huo, ikauza zaidi ya nakala milioni moja.

Wengi wanaihesabu Head Hunters kuwa mwisho wa habari. Mimi naiona kuwa tawi lililokwenda upande wake. Ninaiweka kwenye rafu kwa ajili ya Maupin, na kwa ajili ya ule mwanzo wa "Watermelon Man" mpya, ambapo Bill Summers anapuliza chupa ya bia akiiga filimbi na sauti za Babenzele wa misitu ya Afrika ya Kati, zilizokuwa zimerekodiwa na kutolewa kwenye santuri miaka ya 1960. Lakini mwenye kutafuta roho ya wale sita aipite haraka, aende kwa Mganga.

Eddie Henderson alirekodi Realization na Inside Out mwaka 1973, kwa ajili ya kampuni ya Capricorn ya Macon, Georgia. Kampuni hiyo ilijulikana kwa roki ya kusini, nyumbani kwa Allman Brothers, na ndiyo maana muuza santuri asiyejua anaweza kuzitupa kwenye sanduku la roki. Fungua Realization usome majina: Hancock, Maupin, Williams, Hart, Gleeson. Ni bendi ile ile, pungufu ya Priester, ikiongezewa Lenny White kwenye dramu. Tarumbeta ya Henderson, ambayo kwenye albamu za Hancock inapita kama mgeni mpole, hapa inamiliki nyumba. Kama ningelazimishwa kuchagua moja nje ya zile tatu, ningeichukua hii bila kufikiri mara mbili.

Priester alivuka kwenda kampuni ya ECM ya Munich, akatoa Love, Love mwaka 1974, na jaladani akaandikwa Julian Priester Pepo Mtoto. Gleeson yumo tena. Mwaka huo huo ECM walimrekodi Maupin katika The Jewel in the Lotus, pamoja na Hancock, Williams na Hart. Ni santuri tulivu kuliko zote, yenye nafasi nyingi kati ya sauti na sauti, na kwa miongo mitatu haikuchapishwa tena hadi ilipotoka kwenye CD mwaka 2007. Wakusanyaji waliozeeka wakiisaka kwenye maduka ya mitumba wanaijua thamani ya tarehe hiyo. Buster Williams alifuata na Pinnacle mwaka 1975 kwa kampuni ya Muse. Billy Hart alisubiri mpaka 1977 kutoa Enchance, ya kwanza kwa jina lake.

Kuna mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha. Nakala ya mwanzo ya Mwandishi au Crossings ya Marekani ina lebo ya kijani ya Warner Bros. Lebo yenye picha ya barabara na minazi ya Burbank ilianza kutumika mwaka 1973, kwa hiyo nakala yenye minazi ni ya toleo la baadaye, hata muuzaji akiapa. Inamisha santuri kwenye mwanga utazame pia ile nafasi tupu kati ya mwisho wa muziki na lebo. Humo mna namba zilizokwaruzwa na mafundi wa kiwandani, na kwa hizo wakusanyaji hutofautisha chapa moja na nyingine. Wanaomfuata Hancock mwenyewe wana kibarua cha ziada, maana albamu zake kadhaa za Columbia, zikiwemo Dedication ya 1974 na Flood ya 1975, zilitolewa Japani tu. Kwa miaka mingi njia ilikuwa ni kuagiza Tokyo kwa bei ya kuumiza. Mwaka 2013 zikaingizwa katika sanduku la CD 34 linalokusanya kazi zake zote za Columbia hadi 1988. Zile mbili za Warner Bros., pamoja na Fat Albert Rotunda iliyozitangulia, zilikuwa zimeshawekwa kwenye CD mbili mwaka 1994 kwa jina la Mwandishi.

Anayeanza leo, nambari ya kwanza iwe Mwandishi, asikilize upande wa pili hadi mwisho, kwenye "Wandering Spirit Song" ya Priester. Aende Crossings, kisha Realization, kisha The Jewel in the Lotus. Sextant iwe baada ya hapo, sikio likiwa limeshazoea sintesaiza.

Ngumu kuliko zote ni ile iliyorekodiwa Desemba 1969, kabla bendi haijakamilika: Kawaida, ya mpiga dramu Albert "Tootie" Heath, baba mdogo wa Mtume, aliyejiita Kuumba. Ilitolewa na kampuni ndogo iitwayo O'Be, na nakala za mwanzo ni adimu. Vipande vyake ni "Baraka", "Maulana", "Kawaida", "Dunia" na "Kamili". Hancock na Buster Williams wamo, Don Cherry anapuliza tarumbeta, Jimmy Heath yuko kwenye saksafoni, na anayepiga konga ni Mtume mwenyewe.