Mji Uliojengwa juu ya Maji: Halmashauri ya Jiji la Beira na Kimbunga Idai katika Mkabala wa Kihistoria

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna serikali ya jiji la Beira, nchini Msumbiji, ilivyokabili uharibifu wa Kimbunga Idai cha Machi 2019. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa jiji kukabili dharura huamuliwa kabla ya dharura yenyewe, na huamuliwa na mambo matatu: mamlaka ambayo jiji limepewa kisheria, kazi iliyofanywa ardhini katika miaka iliyotangulia, na maneno ya tahadhari ambayo viongozi na wakazi huyaelewa kwa maana moja. Beira ilikuwa imepiga hatua katika jambo la pili, ilikuwa na mipaka katika la kwanza, na la tatu halikuwa limetatuliwa. Makala inahitimisha kwa kuonesha funzo la historia hiyo kwa miji ya pwani ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Historia ya maafa mara nyingi huanza kuandikwa siku ya maafa. Msomaji huoneshwa paa zilizong'oka, helikopta angani na idadi ya waliofariki, kisha simulizi hufungwa misaada inapoondoka. Uandishi wa namna hiyo huliacha swali ambalo mshauri wa sera analihitaji zaidi: ni uamuzi gani wa miaka ya nyuma uliofanya jambo moja liwezekane usiku ule na jingine lishindikane?

Beira inafaa kwa swali hili kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa miji michache ya ukanda wetu ambayo serikali yake ya jiji ilikuwa imejiandaa kwa maji kabla ya kimbunga kufika. Pili, historia yake haiko mbali na historia ya Waswahili, kama sehemu ifuatayo inavyoonesha.

2.0 Kutoka Sofala hadi Beira

Kusini kidogo mwa Beira ndipo ilipokuwa Sofala, bandari ya dhahabu iliyotajwa na waandishi wa Kiarabu tangu karne ya 10, na ambayo kwa muda mrefu ilikuwa chini ya Kilwa. Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505. Mchanga na bahari viliimeza bandari hiyo kidogo kidogo, na ngome nayo ikabomoka. Mawe yake yalichukuliwa na kutumika katika ujenzi wa kanisa kuu la Beira mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo Beira imebeba ndani ya kuta zake masalia ya mji mwingine ulioshindwa na maji.

Beira yenyewe ilianzishwa mwaka 1887 kwenye mlango wa mto Pungwe, mahali palipochaguliwa kwa ajili ya bandari na njia ya kwenda bara. Ilikuwa ardhi ya mikoko na vinamasi, na sehemu yake kubwa iko karibu sawa na usawa wa bahari. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia mita 6 na zaidi. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, maji ya mjini hukosa pa kwenda. Utawala wa kikoloni ulijenga mifereji na kuta kwa ajili ya mitaa ya Wazungu, huku Waafrika wakiachiwa mabonde. Ramani ya hatari ya mwaka 2019, kwa sehemu kubwa, ilichorwa wakati huo.

3.0 Halmashauri na mifereji

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 iliipa miji ya Msumbiji mabaraza ya kuchaguliwa, na uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1998. Mwaka 2003 wakazi wa Beira walimchagua Daviz Simango, mhandisi wa ujenzi, kuwa meya kwa tiketi ya Renamo. Mwaka 2008 chama chake kilipomwacha, alisimama kama mgombea binafsi akashinda, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha MDM. Alichaguliwa tena mwaka 2013 na 2018. Kwa hiyo katika kipindi chote hicho jiji liliongozwa na upinzani, ilhali serikali kuu ilikuwa mikononi mwa Frelimo. Mvutano huo ndio uliokuwa mazingira ya kila mazungumzo kuhusu fedha na mamlaka.

Pamoja na hayo, kazi ilifanyika. Kwa msaada wa Uholanzi uliandaliwa mpango kabambe wa jiji wa hadi mwaka 2035, ambao suala la maji lilikuwa kiini chake. Kwa fedha za Ujerumani, mto Chiveve, ambao kwa hakika ni mkono wa bahari unaopenya katikati ya jiji na uliokuwa umezibwa na taka, ulifukuliwa, mikoko ikapandwa, na mlango wa kudhibiti maji ya bahari ukajengwa. Kupitia mkopo na msaada wa Benki ya Dunia, zaidi ya kilomita 11 za mifereji zilikarabatiwa na bwawa la kupokea maji ya mvua likachimbwa. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2018, miezi michache tu kabla ya Idai.

4.0 Usiku wa Machi 14

Mfumo wa hewa uliozaa Idai ulianza katika mlangobahari wa Msumbiji mwanzoni mwa Machi 2019. Uliingia nchi kavu, ukaleta mafuriko Msumbiji na Malawi, ukarudi baharini, ukapata nguvu, kisha ukapiga karibu na Beira usiku wa kuamkia Machi 15, ukiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa.

Kuna jambo ambalo halikutiliwa mkazo katika taarifa za siku zile. Usiku huo ulikuwa wa maji mafu, si wa bamvua. Bahari ilipanda, lakini haikufika pale ambapo ingefika endapo kimbunga kingetua wakati wa bamvua. Ndani ya jiji, mwangamizi mkubwa alikuwa upepo. Mabati yaliruka, kuta zikaanguka, nguzo za umeme zikalala chini, na Hospitali Kuu ikapoteza sehemu ya paa na vyumba vya upasuaji. Gharika kubwa ilitokea siku zilizofuata, nje ya jiji, pale mito Pungwe na Buzi ilipofurika na kugeuza mabonde kuwa bahari ya ndani.

Takwimu iliyoenea duniani, kwamba asilimia 90 ya Beira iliharibiwa, ilikuwa makadirio ya awali ya Msalaba Mwekundu. Mtafiti anapaswa kuitumia kwa uangalifu, kwa kuwa neno "kuharibiwa" lilijumuisha nyumba iliyopoteza mabati machache na nyumba iliyobaki kifusi. Tofauti hiyo ina uzito katika sera: nyumba ya kwanza inahitaji misumari na fundi, ya pili inahitaji kiwanja na mkopo.

Mifereji iliyokarabatiwa ilisaidia kuondoa maji katika mitaa iliyokuwa ikizama kila msimu wa mvua. Lakini mfereji haushikilii paa. Jiji lilikuwa limejiandaa kwa adui liliyemjua, naye adui akaja kwa njia nyingine.

5.0 Siku za dharura na mipaka ya mamlaka

Asubuhi ya Machi 15, jiji la watu zaidi ya nusu milioni halikuwa na umeme wala simu. Siku mbili baadaye barabara ya N6, njia kuu ya kuunganisha Beira na bara, ilikatwa na mafuriko. Machi 19 serikali kuu ilitangaza dharura ya kitaifa na siku tatu za maombolezo.

Ni hapa ambapo mgawanyo wa mamlaka ulijidhihirisha. Mitaa, mifereji, masoko, taka na makaburi vilikuwa mikononi mwa halmashauri. Umeme, maji ya bomba, hospitali kuu, barabara kuu na taasisi ya kitaifa ya maafa vilikuwa mikononi mwa serikali kuu. Uwanja wa ndege ulipogeuzwa kituo cha uokoaji, uratibu uliingia mikononi mwa taasisi hiyo na mashirika ya kimataifa. Halmashauri ilibaki na kazi zisizopigwa picha: kuondoa miti na vifusi, kufungua mitaa, kuzibua mifereji, kuzoa taka zilizokuwa zikioza.

Kazi hizo hazikuwa ndogo. Machi 27 wagonjwa wa kwanza wa kipindupindu walithibitishwa. Kuanzia Aprili 3 chanjo ilitolewa, kukiwa na dozi zipatazo 900,000. Wagonjwa walizidi 6,000, lakini vifo vilikuwa 8. Chanjo na tiba vina sehemu kubwa katika matokeo hayo. Hata hivyo, pasipo mtaa kupitika na taka kuondolewa, hakuna chanjo inayofika wala maji yanayobaki safi. Vifo vilivyotokana na kimbunga nchini Msumbiji vilihesabiwa kuwa 603.

Mvutano uliendelea katika ujenzi mpya. Mkutano wa wahisani uliofanyika Beira Mei 31 na Juni 1 uliahidi dola bilioni 1.2, huku mahitaji yakikadiriwa kuwa dola bilioni 3.2. Halmashauri ilikuwa na mpango wake wa ujenzi mpya, nayo serikali kuu iliunda ofisi yake ya ujenzi mpya. Wakazi wa Praia Nova, mtaa wa wavuvi ulioathirika vibaya, walihamishiwa maeneo ya mbali na bahari, lakini baadhi yao walirudi. Mvuvi hawezi kuvua akiwa bara. Uamuzi wa kuwahamisha ulizingatia usalama wa nyumba zao, haukuzingatia riziki yao.

6.0 Neno moja, maana mbili

Kama mtafiti wa lugha, naona tatizo moja ambalo halikuhitaji mabilioni. Katika mfumo wa tahadhari za vimbunga Msumbiji, kamati za vijiji na mitaa hutumia bendera: ya buluu kimbunga kikiwa mbali kwa saa 24 hadi 48, ya njano kikiwa ndani ya saa 24, nyekundu zikibaki saa 6. Machi 12, 2019, siku mbili kabla ya kimbunga kutua, serikali ilitangaza "tahadhari nyekundu". Kwa urasimu wa serikali, neno hilo ni amri ya kuziweka taasisi na rasilimali tayari. Kwa kamati ya mtaa, nyekundu ni saa chache za mwisho. Neno moja lilibeba saa mbili tofauti.

Tahadhari hizo rasmi hutungwa kwa Kireno, ilhali wakazi wengi wa Beira hulelewa katika Kisena au Kindau. Kutafsiri pekee hakutoshi. Kilomita 160 kwa saa ni kipimo sahihi, lakini hakimwambii mama wa nyumba ya mabati atoke au abaki.

Tusidhani sisi tumesalimika. Kwetu "kimbunga" limekuwa neno la upepo wowote wa kuzunguka, na hata la misukosuko ya kisiasa. Mamlaka za hali ya hewa hulitumia kwa maana mahususi. Msikilizaji huchagua maana aliyoizoea.

7.0 Hitimisho

Januari 2021 Kimbunga Eloise kilipiga karibu na Beira. Mitaa ilifurika na nyumba nyingi ziliharibika, ingawa vifo vilikuwa vichache mno kulinganishwa na vya Idai. Mwezi uliofuata, Februari 22, Simango alifariki dunia. Kazi ya mifereji aliyoisimamia ilikuwa bado haijakamilika.

Pwani yetu imewahi kuonywa. Unguja ilipoteza sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake katika kimbunga cha Aprili 15, 1872. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Wiki sita baada ya Idai, Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, karibu na mpaka wa Tanzania, na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia. Imani kwamba ukaribu wa ikweta unatulinda haina msingi katika kumbukumbu zetu wenyewe.

Makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, halmashauri za miji ya pwani zipewe kisheria bajeti ya dharura inayolingana na kazi zitakazobaki mikononi mwao, hasa mitaa, taka na mifereji. Pili, maandalizi ya maji yaende sambamba na maandalizi ya upepo: namna ya kufunga paa ni suala la sera kama ilivyo mifereji. Tatu, wataalamu wa hali ya hewa na wa Kiswahili wakae pamoja kusanifu istilahi za tahadhari, kila neno likifungwa kwenye tendo moja na muda mmoja. Agosti 2019, miezi mitano baada ya Idai, SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Hadhi hiyo itakuwa na maana siku mvuvi wa Mafia na mvuvi wa Cabo Delgado watakaposikia neno lilelile na kuelewa kwa pamoja kwamba sasa ni wakati wa kuondoka.