Wakili na wazazi wanaoachana: wapi mwisho wa uwakili?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Suala: Je, inajuzu kwa wazazi walioachana kuweka wakili katika madai ya watoto, na mipaka yake ni ipi?

Kuweka wakili kunajuzu. Wanavyuoni wametaja kuwa Sayyidna Ali (R.A.) alimuweka ndugu yake Aqil amsimamie katika madai, na baadaye Abdullah bin Jaafar. Mama asiyeweza kujieleza mbele ya kadhi, au baba aliye safarini, halaumiwi kwa kutafuta wa kumsemea.

Wakili hamiliki zaidi ya alichopewa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, aliyewakilishwa kudai hana ruhusa ya kusuluhisha wala kusamehe haki mpaka aidhinishwe. Kwa hiyo mwambie bayana unadai nini na uko tayari kuacha nini. Malipo yake yaandikwe, na usitie saini karatasi usiyoifahamu.

Hukumu haihalalishi haramu. Katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa hodari zaidi wa hoja; basi atakayepewa haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Anaingia humo baba anayeficha kipato ili nafaka ipungue, na mama anayemzushia mtalaka wake ili asiwaone watoto. Wakili anayeujua uongo huo na akautetea naye ana sehemu yake. Rejea Suratun Nisaa, aya ya 105.

Mtoto si silaha. Suratul Baqara, aya ya 233, inakataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe, na baba vilevile. Kwa Mashafi, mama ndiye wa mwanzo katika malezi, madhali hajaolewa na mume mwengine, mpaka mtoto afikie kupambanua, kiasi cha miaka 7. Kisha mtoto huchagua wa kukaa naye. Nafaka ni juu ya baba hata watoto wakiwa kwa mama. Kuwaficha watoto kwa sababu nafaka imechelewa, au kuzuia nafaka kwa sababu watoto hawakuletwa, ni kumuadhibu mtoto kwa kosa la mkubwa. Wakili anayekushauri hivyo usimfuate.

Hapa Zanzibar, mambo ya ndoa na talaka za Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, chini ya Sheria Namba 9 ya mwaka 2017. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kumuendea msaidizi wa sheria katika shehia yake au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Na ikiwa talaka haijatoka, tuanze na hakamu wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, kama ilivyo katika Suratun Nisaa, aya ya 35.

Tunawausia wazazi wamche Allah. Wakili atalipwa na ataondoka. Nyinyi mtakutana tena siku ya harusi ya mtoto huyo.

Wallahu a'lam.