Mawe ya Kariakoo

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine zilizofungwa Hazina zilikuwa zimeleta gharama na vurugu ya mahesabu, ikaonekana bora zisije tena. Mwaka uliofuata likafunguliwa jengo jipya la soko la Kariakoo, lile la miavuli ya zege lililochorwa na Beda Amuli. Nusu karne baadaye, mitaa inayolizunguka soko hilo ina mafundi wanaokula kwa mizoga ya kompyuta: wananunua betri za laptop zilizokufa, wanazifumua, wanatafuta kilicho hai ndani.

Neno "kufa" hapa linadanganya. Betri nyingi za laptop za zamani zina seli sita za duara, zile ziitwazo 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65. Zimefungwa mbilimbili, jozi tatu kwa mfululizo. Jozi moja ikichoka, kisahani cha ulinzi kinazihukumu zote sita. Mwenye laptop anaambiwa anunue nyingine, kumbe seli nne huenda bado ni nzima.

Kuzipambanua ni kazi ya subira. Ganda linapasuliwa taratibu, maana bisibisi ikitoboa seli, moto unawaka hapo hapo. Mita inawekwa, iliyoshuka chini ya volti 2 inatengwa. Zilizobaki zinachajiwa polepole hadi volti 4.2, huku fundi akizigusa. Inayopata joto haifai. Kisha zinaachwa siku kadhaa bila kuguswa. Nzima itabaki karibu pale pale, inayovuja itajisema yenyewe. Mwisho inafungwa kwenye mzigo ili ijulikane imebakiza kiasi gani. Iliyotoka kiwandani na miliampea-saa 2200 ikitoa 1800, hiyo ni mali. Ikitoa 900, labda tochi.

"Hii siuzi, kaka," fundi mmoja aliniambia, akiitupa moja kwenye ndoo ya mchanga. "Hii ni moto umelala."

Ujuzi huu una ukoo. Sony ilianza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka 1991, lakini huku kwetu kupigania mabaki ya umeme kulianza kabla. Waliokua na redio ya mkulima wanakumbuka betri za National, ambazo wengine waliziita mawe. Zikichoka zilianikwa juani, au ziling'atwa meno kidogo, ili taarifa ya habari ya jioni ifike mwisho. Eti leo tunaita ubunifu! Ilikuwa ni kukataa tu kutupa kitu ambacho bado kina neno la kusema.

Na jina la mahali penyewe ni la kuokotwa. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kilichopiga kambi hapa. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile ya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, inaonyesha mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi tu. Jina lake lilidumu kwa sababu watu wa Dar waliligeuza likaingia mdomoni.

Ndiyo maana sipendi makala zinazowasifia mafundi hawa kama mashujaa wa mazingira, zikaishia hapo. Mpagazi naye alisifiwa. Anayekaa na ndoo ya seli mbovu chini ya meza, katika mtaa uliobanana kama Kariakoo, amebeba hatari ya laptop zilizotumiwa na wengine, mara nyingi katika nchi nyingine. Seli mbovu hana pa kuzipeleka. Na mnunuzi wa pawabenki ya bei poa hana namna ya kujua kama ndani kuna ya 1800 au ile iliyopaswa kubaki kwenye mchanga. Kinachomlinda ni uaminifu wa fundi, basi.

Kazi yenyewe inapungua. Laptop nyembamba za siku hizi zina seli bapa, laini kama bahasha, ambazo ni ngumu kuzitoa salama. Ningependa aliyeifanya kazi hii aiandike kwa mkono wake, pamoja na zile alizokataa kuziuza.