Alerji ya karanga: chanjo inatafutwa namna gani?

Karanga tunaikuta ndani ya sombe, katika uji wa watoto na kwa wauzaji wa barabarani. Lakini kwa mwenye alerji, kipande kidogo kinaweza kuleta upele, midomo kuvimba, kutapika, hata kukosa pumzi.

Juu ya nini?

Mwili wake unaona protini ya karanga kama adui. Unatengeneza askari waitwao IgE. Karanga ikirudi, hao wanaamsha seli zinazomwaga histamini, na ndipo mtu anavimba.

Si kama chanjo ya surua

Chanjo ya surua inafundisha mwili kupigana. Hii inayotafutwa inapaswa kuufundisha kutulia. Kampuni moja ya Uingereza, Allergy Therapeutics, imeanza kujaribu ya kwake kwa watu: protini ya karanga imeunganishwa na ganda tupu la kirusi cha matango, ambalo haliwezi kuleta ugonjwa. Lengo ni mwili utengeneze askari wengine, IgG, wakamate protini ile mbele IgE haijaifikia.

Hatua zilizofikiwa

Mwaka 2020, Marekani iliruhusu Palforzia, unga wa karanga kwa watoto wa miaka 4 hadi 17. Mtoto anaanza na miligramu 0.5, anapandishwa polepole mpaka 300 kila siku. Haiponyeshi alerji, inapunguza hatari kama amekula karanga bila kujua. Mwaka 2024 iliruhusiwa pia sindano ya omalizumab, inayozuia IgE.

Huko London, utafiti wa LEAP uliotangazwa mwaka 2015 ulifuata watoto wachanga 640 wenye hatari kubwa ya alerji. Waliolishwa karanga mapema walipata alerji hiyo kidogo kuliko walioikatazwa, kwa zaidi ya asilimia 80.

Mzazi afanye nini?

Mtoto mchanga asipewe karanga nzima, inaweza kumkaba. Iliyosagwa laini ndani ya uji ni salama zaidi. Kama ana ukurutu mkali ao alishavimba kisha kula, muulize munganga kwanza. Usijaribu mwenyewe nyumbani kumzoesha. Akishindwa kupumua, mkimbize kituo cha afya mara moja: dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini, na haingojei.