Kupima Ufahamu: Usomaji wa Kiingereza Vyuoni, na Mfano wa Shinyanga na Geita

Katika vijiji vya wachimbaji dhahabu, tangu Kahama mpaka Geita, kijana aliyetoka chuoni ana kazi moja ambayo hakuajiriwa kuifanya wala halipwi ujira wake. Huitwa asome. Ikija karatasi ya leseni, au ya fidia ya shamba, au gunia la dawa ya kusafishia mawe lenye maandishi ya Kiingereza, wazee huuliza nani hapa amesoma. Naye husogea, akaitwaa karatasi, akaitamka yote toka juu hata chini pasipo kukwama. Wakimwuliza imesema nini, aghalabu huisoma tena.

Sisemi haya kwa kumcheka. Nimefundisha Kiingereza katika chuo kimoja cha mkoa wa Shinyanga, na vijana wa namna hiyo nimewapa alama njema kwa mkono wangu mwenyewe. Alama zile zilikuwa halali. Waliulizwa maswali juu ya kifungu cha habari, wakayajibu sawasawa. Yafaa basi tuulize ni maswali gani hayo ambayo mtu aweza kuyajibu sawasawa naye hakufahamu kitu.

Tazama kifungu hiki, nilichokitunga kwa maneno yasiyo na maana: Vibunju vitatu vilisenyeta katika mfufu wa Kirandwa kwa sababu tungwi lilikuwa limekwejuka. Sasa jibu. Vibunju vingapi vilisenyeta? Vilisenyeta wapi? Kwa sababu gani? Msomaji wangu amekwisha kupata tatu kwa tatu, naye hajui kibunju ni mnyama au ni chombo. Lakini nikimwuliza kama vibunju vilitenda kwa busara, atanyamaza, kwa kuwa jibu la swali hili halimo katika mstari wowote wa kunakiliwa. Tofauti ya maswali matatu ya kwanza na hili la nne ndiyo habari yote ya insha hii.

Kipimo cha ufahamu kiliingia kwetu pamoja na mitihani ya Kiingereza ya wakati wa ukoloni. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa 1925 kwa ajili ya wana wa machifu, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa mlango wa vijana wa Usukuma kuingia katika elimu ya juu. Baadaye ukaja mtihani wa Cambridge, ambao karatasi zake zilivuka bahari kwenda kusahihishwa Uingereza. Humo mlikuwa na kifungu cha habari, maswali yake, na muhtasari. Muhtasari ulikuwa kipimo kigumu na cha haki, maana mtu hawezi kufupisha asilolifahamu. Maswali yalikuwa mchanganyiko, mengine ya kufikiri na mengine ya kunakili.

Hata hivyo, kasoro ya maswali haikuonekana siku zile. Kidaha Makwaia, mtoto wa Chifu wa Usiha katika wilaya ya Shinyanga, alipita Tabora na Makerere, na 1945 akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Huko alisoma miswada na kuijibu kwa Kiingereza mbele ya watu waliozaliwa nacho. Kwa watu wachache kama yeye mtihani wa kweli ulikuwa nje ya chumba cha mtihani. Waliishi ndani ya Kiingereza mabwenini, darasani na kazini, na kama karatasi ya Cambridge ilikosea kuwapima, maisha yaliwapima tena.

Mambo yaligeuka baada ya Uhuru. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi. Uamuzi huo nausifu. Mtoto wa Kisukuma, wa Kisumbwa au wa Kizinza alipata kusikia hesabu na jiografia katika lugha aliyoweza kuulizia swali. Lakini shule za sekondari na vyuo vilibaki na Kiingereza, na daraja lililokuwa na ngazi nyingi likawa na ngazi moja, nayo ni kidato cha kwanza. Tanzania ikajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki 1971, na Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa sheria ya 1973. Mitihani ikawa yetu. Kifungu cha habari na maswali yake kikaendelea. Kisha Azimio la Musoma la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote. Walimu wengi waliandaliwa kwa haraka vijijini, na Kiingereza chao hakikupata muda wa kukomaa.

Wakati huohuo, katika nchi nyingine, wataalamu walikuwa wamekwisha kuitilia shaka njia hii ya maswali. Edward Thorndike wa Marekani alionyesha 1917 kuwa watoto waliosoma aya fupi kwa makini bado waliijibu vibaya, akahukumu kwamba kusoma ni kufikiri. Mwaka 1953 Wilson Taylor, naye wa Marekani, alitoa kipimo cha namna nyingine. Hufutwa neno moja kila baada ya maneno kadhaa, mathalani kila neno la tano, na msomaji hutakiwa kulirudisha. La ajabu ni kuwa Taylor alikusudia kupima ugumu wa maandishi, si akili ya wasomaji; wengine ndio waliokigeuza kipimo chake kikawatazama watu.

Wazo lake ni jepesi. Chukua maneno haya: Mchimbaji aliposikia ukuta wa shimo unalia alipanda ____ mbio, na wenzake waliobaki ____ hawakuonekana tena. Hapa hapana neno la kunakili. Aliyeiona picha ya shimo atajaza pasipo shida, na asiyeiona atakisia. Kipimo hiki nacho kina lawama zake, kwani nafasi nyingine hujazwa kwa kujua sarufi tu. Lakini anayetumaini kunakili hana pa kushika.

Kipimo cha kujaza nafasi ndicho kilicholetwa Tanzania 1984, wakati Clive Criper na W. A. Dodd walipochunguza hali ya Kiingereza toka shule za msingi hata Chuo Kikuu. Waliona kuwa yapata asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne ndio waliofikia kiwango ambacho kufundishwa kwa Kiingereza kungeweza kuanza. Kuanza, si kumalizika! Na katika wanachuo wa Chuo Kikuu waliopimwa, wasiozidi asilimia 20 ndio walioweza kusoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Watu hawa wote walikuwa wamefaulu mitihani. Kwa mara moja kipimo kilisema kweli, nayo kweli ilikuwa chungu.

Twaweza kudhani kwamba aliyepata habari hii angebadili lugha, au angebadili mtihani. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari, na serikali haikukubali. Wachunguzi wa 1984 nao, baada ya kuyaona waliyoyaona, walishauri Kiingereza kiendelee. Msaada wa Uingereza ukaleta vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu, na hilo lilikuwa jambo jema. Hakuna ajuaye kusoma pasipo kusoma. Mwaka 1987 Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walipima tena usomaji wa wanafunzi wa sekondari, nao wakakuta wengi hawavimudu vitabu vyao. Katika mitihani, kifungu cha habari na maswali yake kilibaki mahali pake.

Mwaka mmoja nilijaribu mambo haya mwenyewe. Nilitwaa ukurasa wa kitabu cha wanachuo wangu, kitabu walichokuwa wamekwisha kukifanyia mazoezi, nikafuta maneno, nikawapa. Wengi waliokuwa na alama njema katika maswali walikwama katika nafasi. Mmoja, kijana mwenye bidii kutoka upande wa Bukombe, alirudisha karatasi nyeupe. Nilipomwuliza, alinijibu kwa adabu kwamba ameipekua habari yote mara tatu asilione neno la kuandika. Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kutafuta.

Kijana huyo sasa ni mwalimu. Wenziwe wa vyuo vingine wako Kolandoto wakisoma maagizo ya dawa kwa ajili ya wagonjwa, au wametoka Kizumbi, kwenye chuo cha ushirika, wakisoma hesabu za vyama. Na wengine wako migodini. Mgodi mkubwa wa Geita, uliofungwa 1966, ulifunguliwa upya 2000, na ule wa Bulyanhulu ukaanza 2001. Karatasi za Kiingereza ziliongezeka katika nchi ile kwa wingi usiopata kuonekana. Hata Sheria ya Madini ya 2010, inayomhusu mwenye sururu na mwenye mtambo sawasawa, iliandikwa kwa Kiingereza.

Nimepata kufanya hesabu ndogo. Mwanachuo aliyejaza nafasi zile 1984 akiwa na umri wa miaka 23 alitimiza miaka 60, ambayo ni ya kustaafu kwa lazima, mwaka 2021. Kama alikuwa mwalimu, alifundisha kwa kiasi cha miaka thelathini na mitano. Baadhi ya wanafunzi wake walikuwa walimu wa sekondari, na wanafunzi wa hao ndio walioketi mbele yangu, kalamu mkononi, wakilitafuta neno katika ukurasa ambao nilikuwa nimelifuta.