Jinsi ya kuifanya Command Prompt ifunguke kwenye folda unayoitaka

Leo tuiongelee ile skrini nyeusi ya Windows, yaani Command Prompt. Kila ukiifungua inakupeleka folda ileile. Kwenye Windows XP ilikuwa C:\Documents and Settings\ na jina la mtumiaji. Kuanzia Vista ya mwaka 2007 mpaka Windows 11 ni C:\Users\ na jina hilo. Ukiifungua kwa mamlaka ya msimamizi unatua C:\Windows\System32, yaliko mafaili ya mfumo wenyewe.

Kwa nini nalivalia njuga jambo dogo hivi? Kwa sababu amri nyingi, usipozitajia njia, zinafanya kazi palepale uliposimama. Vijana wengi kafe wanatumia hii kufichua mafaili ya flashi yaliyofichwa na virusi:

attrib -h -s -r /s /d *.*

Ukiwa ndani ya flashi, ripoti yako ya chuo inaonekana tena (virusi vyenyewe haviondoki, lazima uskani). Ukiwa System32, umechezea mafaili ya mfumo kwenye mashine ya watu. Amri ya del ndiyo mbaya zaidi: kilichofutwa nayo hakipiti kwenye Recycle Bin, kimekwenda. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza Enter, soma kwanza njia iliyoandikwa kushoto ya alama ya >. Hapo ndipo ulipo.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe. Mfano wangu ni folda D:\Kazi.

1. Kuhama kwa mara moja. Andika cd /d D:\Kazi. Hiyo /d usiisahau, bila yake huhami kutoka draivu C kwenda D.

2. Kupitia dirisha la folda. Fungua folda unayoitaka, bofya kwenye upau wa anwani juu, futa kilichomo, andika cmd, kisha Enter. Skrini nyeusi inafunguka hapohapo. Mimi hii ndiyo naitumia kila siku.

3. Shotikati. Bofya kulia kwenye desktop, chagua New, halafu Shortcut, andika cmd.exe na umalize. Kisha bofya kulia shotikati hiyo, ingia Properties, na kwenye "Start in" weka D:\Kazi. Ila ukiifungua kama msimamizi, "Start in" haisikilizwi, unarudishwa System32. Dawa yake ni kuandika hivi kwenye "Target":

cmd.exe /k "cd /d D:\Kazi"

4. Windows Terminal. Kama mashine yako ya Windows 11 inafungulia humo, ingia Settings, chagua Command Prompt, badilisha "Starting directory", bonyeza Save.

5. Rejistri. Hii inabadilisha kila Command Prompt ya akaunti yako:

reg add "HKCU\Software\Microsoft\Command Processor" /v Autorun /t REG_SZ /d "cd /d D:\Kazi"

Tahadhari: Autorun inajiendesha kila cmd inapoanza, hata ile inayoitwa na programu nyingine, na baadhi zinaweza kuvurugika. Kwenye kompyuta ya kafe usiiguse kabisa, maana anayekaa baada yako ataikuta. Kuiondoa:

reg delete "HKCU\Software\Microsoft\Command Processor" /v Autorun /f

Kwa wale wa flashi, ambao leo ni draivu E na kesho ni G, kuna hii. Fungua Notepad, andika mistari miwili:

cd /d "%~dp0"
cmd /k

Hifadhi ndani ya flashi kwa jina anza.bat, na kwenye "Save as type" chagua All Files, la sivyo itakuwa anza.bat.txt na haitafanya kazi. Ile %~dp0 maana yake ni "folda lilimo faili hili", kwa hiyo ukiibofya mara mbili skrini inafunguka ndani ya flashi yako, herufi iwe yoyote, na mashine ya mwenye kafe hujaibadilisha kitu.

Ikikugomea, andika hapo chini toleo la Windows unalotumia na maneno yaliyotokea kwenye skrini, tusaidiane. Mwenye njia nyingine naye aimwage. Tuko pamoja.