Albamu Iliyokataliwa: Wilco, Chicago na Biashara ya Santuri, 2000–2002

Albamu ya Yankee Hotel Foxtrot, ambayo bendi ya Wilco ya Chicago iliikamilisha mwaka 2001 lakini haikuingia madukani hadi tarehe 23 Aprili 2002, imezoeleka kusimuliwa kama kisa cha wanamuziki wanyonge walioishinda kampuni tajiri. Usimulizi huo una ukweli wake, ila unaficha jambo ambalo mwanahistoria wa muziki hana budi kulitanguliza, nalo ni kwamba kukataliwa kwa albamu hiyo kulitokana na mabadiliko ya umiliki wa kampuni za kurekodi na za redio nchini Marekani, yaliyoanza miaka kadhaa kabla gitaa la kwanza halijarekodiwa, na kwamba mapokezi yake makubwa yalichangiwa kwa kiasi kikubwa na kukataliwa huko huko.

Wilco iliundwa mwaka 1994 baada ya kuvunjika kwa Uncle Tupelo, bendi iliyotoka Belleville, mji wa jimbo la Illinois ulio jirani na St. Louis, na ambayo ilijulikana kwa kuoanisha muziki wa kantri, yaani nyimbo za wazungu wa mashambani wa Marekani, na ukali wa gitaa za umeme. Kiongozi wa Wilco, Jeff Tweedy, alikuwa mtunzi aliyechoshwa haraka na sifa ya kuwa mwanamuziki wa kantri, na kila albamu aliyoitoa na bendi hiyo, kuanzia A.M. ya mwaka 1995 hadi Summerteeth ya mwaka 1999, ilisogea mbali zaidi na chanzo hicho. Wakosoaji waliiweka bendi hiyo katika kundi la roki ya indi, jina lililotumika kwanza kwa bendi zilizorekodi katika kampuni ndogo zisizotegemea mashirika makubwa, na baadaye likaenezwa kwa bendi yoyote yenye hulka ya kujiendeshea mambo yake. Kwa maana ya kwanza Wilco haikustahili jina hilo hata kidogo, kwa kuwa ilikuwa na mkataba na Reprise, kampuni iliyoanzishwa na Frank Sinatra mwaka 1960 na iliyokuwa mali ya Warner. Kwa maana ya pili ilistahili, na matukio ya mwaka 2001 yaliifanya istahili zaidi.

Kazi ya kurekodi ilifanyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000 katika ghala ambalo bendi ililikodi Chicago na kuligeuza studio yao wenyewe, likiitwa na wote The Loft. Umuhimu wa jengo hilo ni wa kiuchumi kabla ya kuwa wa kisanii, kwani bendi inayolipia studio kwa saa hulazimika kuamua haraka, ilhali bendi yenye chumba chake huweza kuurekodi wimbo mmoja kwa namna tano na kuzitupa nne. Jay Bennett, mpiga gitaa na vinanda aliyekuwa pia fundi wa sauti, aliitumia fursa hiyo kurundika tabaka juu ya tabaka, zikiwamo kengele, milio ya vyombo vya umeme na mikwaruzo, juu ya nyimbo ambazo kwa asili zilikuwa nyepesi kiasi cha kuimbwa kwa gitaa moja. Wakati huo huo Tweedy alikuwa amekutana na Jim O'Rourke, mwanamuziki wa majaribio wa mjini humo, na mpiga dramu Glenn Kotche, ambaye hatimaye alichukua nafasi ya Ken Coomer aliyekuwapo tangu mwanzo wa bendi.

O'Rourke ndiye aliyepewa jukumu la kuchanganya sauti, hatua ambayo fundi huamua kila chombo kilichorekodiwa kisikike kwa kiasi gani, kwa wakati gani, au kisisikike kabisa. Njia yake ilikuwa ya kupunguza. Alivua matabaka hadi pakabaki mifupa ya wimbo na sauti chache za ajabu zinazoibuka na kutoweka, na ni mbinu hiyo, kuliko utunzi wenyewe, inayoufanya wimbo wa kwanza wa albamu, wenye urefu wa takriban dakika saba, usikike kama kitu kinachojengwa na kubomoka kwa pamoja. Bennett, aliyetamani kuchanganya albamu mwenyewe, hakuridhika. Mabishano yake na Tweedy kuhusu sekunde chache za kuunganisha wimbo mmoja na mwingine yalinaswa na kamera ya Sam Jones, aliyekuwa akipiga filamu ya rangi nyeusi na nyeupe kuhusu bendi hiyo, na mara baada ya kazi kukamilika Bennett akaondolewa kundini.

Jina la albamu lilitokana na mojawapo ya vitu vilivyopachikwa katika muziki huo. Katika redio ya masafa mafupi, ile ambayo mawimbi yake huvuka mabara, kumekuwapo kwa miongo mingi vituo visivyojitambulisha ambavyo hutangaza mfululizo wa tarakimu au herufi, na ambavyo hudhaniwa kuwa ni njia ya idara za ujasusi kuwapasha habari majasusi wao. Mwaka 1997 kampuni ya Uingereza ya Irdial ilichapisha mkusanyiko wa matangazo hayo uitwao The Conet Project, na humo ndimo ilimotoka sauti ya mwanamke anayerudiarudia majina matatu ya herufi za Y, H na F kama yatumikavyo na wanajeshi na marubani. Wilco iliitumia sauti hiyo bila idhini, Irdial ikashtaki, na shauri likamalizwa kwa maelewano mwaka 2004. Katika albamu nzima, ambayo nyimbo zake nyingi zinahusu watu wanaoshindwa kufikishiana ujumbe, hakuna kipande kilichowekwa mahali pake kwa usahihi zaidi.

Kanda zilipofikishwa Reprise katikati ya mwaka 2001, kampuni iliyozipokea haikuwa tena ile iliyoilea bendi. Muungano wa kampuni ya intaneti ya AOL na Time Warner, mmiliki wa Warner, uliokamilika Januari mwaka huo, ulileta shinikizo la kupunguza gharama na wafanyakazi, na Howie Klein, rais wa Reprise aliyekuwa mtetezi wa Wilco, akaondoka. Waliobaki katika idara inayoteua na kusimamia wasanii hawakusikia ndani ya albamu wimbo hata mmoja wa kupigwa redioni. Hukumu hiyo haikuwa ya ujinga, kama mashabiki walivyodai baadaye. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 ilikuwa imefuta kikomo cha idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchini kote, na katika muda wa miaka michache kampuni ya Clear Channel ilikuwa na zaidi ya vituo 1,000, vingi vikipiga orodha ya nyimbo zinazofanana. Katika soko la namna hiyo albamu isiyo na wimbo wa redio ilikuwa bidhaa isiyo na mlango wa kutokea. Bendi ilipokataa kuibadilisha, pande mbili zikaachana. Taarifa za wakati ule zilitaja bei ya dola 50,000 kwa ajili ya kuzinunua kanda, lakini mwishowe Wilco waliondoka nazo bila kulipa.

Albamu ilikuwa imepangwa kutoka tarehe 11 Septemba 2001. Badala yake, tarehe 18 Septemba, wiki moja baada ya mashambulizi ya New York na Washington, bendi iliiweka yote katika tovuti yake ili isikilizwe bure, jambo ambalo kampuni nyingi, zikiwa bado katika vita na Napster, huduma ya kubadilishana nyimbo bure mtandaoni, ziliona ni sawa na kujinyonga. Wasikilizaji waliokutana nayo katika siku hizo walisikia ndani yake msiba wao wenyewe: wimbo uliotaja majivu ya bendera, mwingine uliozungumzia majengo marefu, na picha ya jalada yenye minara miwili ya Marina City ya Chicago. Yote hayo yalitungwa au kuchaguliwa kabla ya mashambulizi. Ziara ya vuli hiyo ilidhihirisha kuwa kutoa bure hakukuwa kumeua chochote, kwa kuwa wasikilizaji ukumbini waliimba pamoja na bendi nyimbo ambazo hakuna duka lililokuwa nazo.

Mnamo Novemba Wilco ilitia saini na Nonesuch, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya muziki wa asili ya Ulaya kwa bei nafuu, na ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuikumbuka kwa rekodi za ngoma na nyimbo za Kenya, Uganda na Tanzania zilizokusanywa na David Fanshawe. Nonesuch nayo ilikuwa tawi la Warner, kwa hiyo shirika lile lile lililogharimia albamu na kuiachia bure liliinunua kwa mara ya pili. Kichekesho hicho cha kihasibu kiliwafurahisha waandishi wa habari kuliko nyimbo zenyewe, na si vibaya kusema kwamba kilikuwa tangazo ambalo fedha za Reprise zisingeweza kulinunua.

Katika wiki ya kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya 55,000, na albamu ikaingia nafasi ya 13 katika chati ya Billboard, ilhali hakuna albamu ya Wilco iliyokuwa imewahi kufika hata 50 bora. Jarida la Pitchfork liliipa alama 10 kwa 10, na kura ya mwaka ya wakosoaji iliyoendeshwa na gazeti la Village Voice iliiweka ya kwanza kwa mwaka 2002. Sauti za upinzani zilikuwa chache. Robert Christgau, mwasisi wa kura hiyo hiyo, alikuwa miongoni mwa wasiovutiwa sana, na tathmini yake ya ubaridi inafaa kusomwa sambamba na sifa zile, kwa kuwa inamkumbusha mtafiti kuwa wengi waliisifu albamu wakiwa tayari wanakijua kisa chake.

Bennett alifariki mwaka 2009. Toleo kubwa la kuadhimisha miaka ishirini, lililotoka mwaka 2022 na kushinda Grammy ya albamu bora ya kihistoria mwaka uliofuata, lilitoa hadharani matoleo ya awali ya nyimbo zile zile, baadhi yakiwa na kasi tofauti na vyombo tofauti kabisa, na humo mchango wa Bennett unasikika bila mkono wa O'Rourke. Baadhi ya matoleo hayo ni mazuri kuliko inavyofaa kwa simulizi ya kwamba kupunguza kulikuwa njia pekee, na mjadala kuhusu nani hasa aliyeiunda Yankee Hotel Foxtrot umepata ushahidi mpya ambao wakosoaji wa mwaka 2002 hawakuwa nao.